Kijani, Zambarau na Mpunga wa Bibi

Jumatatu, 2 Juni
Daftari hili lilikuwa la Jiografia. Nimechana kurasa zilizoandikwa, zimebaki arobaini na kitu, na safari hii hakuna wa kunisahihisha. Tumehamia dungu la Bibi, kibanda chake cha nguzo cha kulindia mpunga, huku bondeni, mwendo wa dakika arobaini kutoka Mohoro. Mpunga umeinama vizuri. Ndege ni wengi. Bibi anasema tukichelewa kuvuna utapukutika wote, tuje tuokote chini kama kuku. Tuko wawili tu, kama kila mwaka, na mimi nimefurahi.

Jumatano, 4 Juni
Yasmin amekuja. Ni binti wa Mjomba, kutoka Mbagala, kanizidi miaka miwili. Ana begi la magurudumu ambalo huku halina pa kuzunguka, kalibeba kichwani. Alipopanda ngazi ya dungu alijigonga kwenye boriti, akacheka, na Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

"Karibu, mke mwenzangu," Bibi akamwambia.

Hilo ni jina langu. Ameniita hivyo tangu nizaliwe, eti marehemu Babu alituoa wote wawili. Najua bibi yeyote anaweza kumwita hivyo mjukuu yeyote. Najua.

Alhamisi, 5 Juni
Kuamia ndege wasile mpunga, kutwa nzima. Yasmin akipiga kelele ndege wanaruka. Nikipiga mimi wanageuza shingo.

Jumamosi, 7 Juni
Idi. Babu Sufiani wa Kwa Juu katuletea nyama. Yasmin kawapaka hina wanawake sita. Nilikuwa wa mwisho, ikatosha vidole vitatu.

Jumanne, 10 Juni
Majina ya kidato cha tano yametoka. Langu halimo. Mwalimu kasema kwenye simu nisubiri awamu ya pili.

Bibi kasema, "Mungu hakosi." Yasmin kasema, "Pole, mdogo wangu," akanikumbatia. Ningependa asingenikumbatia, maana nililia na Bibi akaona kwamba yeye ndiye aliyenibembeleza.

Jumamosi, 14 Juni
Leo kisa ni kirefu.

Ligi za mpira wa miguu zimekwisha na banda la Bushiri la kuonyeshea mechi pale Mohoro lilikuwa tupu. Shemeji yake, Iddy, aliye Kibiti, akamtumia flashi kwa bodaboda. Ndani yake kuna fainali ya mpira wa kikapu ya Marekani. Anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa. Timu moja inavaa kijani, nyingine zambarau. Baada ya Alasiri tukaenda wote, maana Bushiri alisema siku ya kwanza ni bure.

Bushiri alishika kipaza sauti atangaze, kwa kuwa wazee hawafuati Kiingereza. Kila mpira ukiingia anasema goli. Mimi shuleni nilikuwa mwandishi wa meza wa timu ya kikapu, miaka miwili. Sikuwahi kucheza ila kila faulo niliiandika mimi. Nikamnong'oneza Yasmin, "Si goli, ni pointi mbili. Na ile ya mbali ni tatu."

Yasmin akasema kwa sauti, "Babu Bushiri, goli lako hilo lina bei mbili, la karibu na la mbali, kama nauli ya Bungu."

Banda zima likacheka. Bushiri akampa kipaza sauti, akampa na kiti. Mimi nikakaa kwenye ndoo kando yake, naandika pointi kwenye karatasi na kumnong'oneza. Mimi najua, yeye anasema.

Bibi kachagua kijani kwa sababu ni rangi ya mpunga. Babu Sufiani kachagua zambarau ili wasikubaliane, maana wale wawili hawajakubaliana tangu enzi za ukoloni. Utani ukakolea wakawekeana sharti. Nyumba tano za Kwa Chini, yaani sisi, ni kijani. Nyumba tano za Kwa Juu ni zambarau. Timu ikifungwa, watu wake wanaamkia shamba la wenzao asubuhi inayofuata, wanavuna mpaka jua la saa nne.

Wakamuuliza Maalim Ismaily kama hiyo ni kamari. Maalim kafikiri sana.

"Kusaidiana kuvuna ni jambo jema," akasema. "Msiliite jina jingine." Kisha akauliza nani anaongoza.

Zambarau wameshinda.

Jumapili, 15 Juni
Tumevuna kwa Babu Sufiani. Kiuno cha Bibi kinamuuma, kakata akiwa amekaa.

Jumatatu, 16 Juni
Zambarau tena. Watu wa banda wanamwita Yasmin "Mtangazaji". Mimi wananiita "yule wa ndoo".

Jumanne, 17 Juni
Tumevuna kwa Babu Sufiani. Kwetu masuke yameanza kudondoka. Nimesikia sauti yake nikipita, kama mtu anamwaga mchanga kidogo kidogo.

Jumatano, 18 Juni
Zambarau kwa pointi moja. Tatu bila. Mchezaji wao namba kumi na moja, mwenye kipara, ndiye aliyetupa ule wa mwisho. Bibi katoka bandani hajaaga mtu.

Njiani Yasmin kamwuliza, "Bibi, kijani wakifungwa na ya nne?"

"Itakuwa imekwisha. Tutavuna kwao kesho, na asubuhi ya nne, kisha turudi kwetu tuokote."

"Na hawa wa Kwa Juu hawatakuja kabisa?"

"Waje kwa lipi? Hawajafungwa."

Yasmin hakusema kitu mpaka tukafika. Hilo si kawaida yake, nikakifurahia kimya hicho.

Alhamisi, 19 Juni
Kwa Babu Sufiani. Mawingu upande wa baharini.

Ijumaa, 20 Juni
Kijani wameshinda mechi ya nne. Kwa Chini nzima imeimba kutoka Mohoro mpaka bondeni.

Nataka kuandika nilichokiona, kwa utaratibu, kama karatasi ya meza.

Yasmin ndiye anayefungua mafaili, kwa kuwa Bushiri hasomi Kiingereza na flashi ina mafaili mengi ya timu hizi mbili. Leo alitangulia bandani mapema, tulipofika mechi ilikuwa tayari imesimamishwa mwanzo. Akaniambia, "Mwanaheri, leo usiandike, pumzisha mkono." Nikaandika tu.

Katika robo ya pili namba kumi na moja wa zambarau akageuka. Ana misuko. Juzi alikuwa na kipara kinang'aa.

Mzee mmoja nyuma akauliza, "Huyu nywele kazitoa wapi?"

Yasmin hakumeza hata mate. "Huyo ni mdogo wake, mzee wangu. Kaka mtu kaumia goti. Wamempa dogo jezi ya nyumbani."

"Ndiyo maana wanafungwa," mzee akasema.

Lakini jina mgongoni ni lile lile, na anatupa kwa mkono wa kushoto vilevile. Na kocha wao ana ndevu ambazo juzi hakuwa nazo. Nywele haziwezi kuota kwa siku mbili. Hii ni mechi ya miezi iliyopita. Bila shaka fainali imekwisha, nne bila, Yasmin kaificha ya nne, na sisi tunaonyeshwa mechi ya zamani.

Kalamu yangu ikasimama. Nilipoinua uso Yasmin alikuwa ananitazama. Sijui aliona nini. Akarudi kwenye kipaza sauti.

Sijamwambia mtu. Nitamwambia Bibi kesho.

Jumamosi, 21 Juni
Watu kumi na wanne wa Kwa Juu wamekuja. Wameanza na shamba la Bibi kwa kuwa ndiye mkubwa. Bibi alikaa kwenye ngazi ya dungu akiwatania, "Kata chini, Sufiani, hayo si mabua ya baba yako." Sijamwona na furaha hiyo tangu msiba wa Babu.

Sijamwambia.

Jumapili, 22 Juni
Mechi ya tano, kijani. Ya zamani pia, kuna mchezaji wa kijani ambaye kwenye fainali hayumo kabisa. Tatu kwa mbili. Babu Sufiani alisimama mechi ilipokwisha.

"Hii imepangwa," akasema.

"Imepangwa na nani?" Bushiri akamwuliza.

"Wenye televisheni. Mtu unaongoza tatu bila, unalegea ghafla? Wamewaambia, nyie, mkimaliza mapema matangazo yetu ya sabuni yatatazamwa na nani? Rudisheni mpaka saba."

"Mzee, wale wana hela zao, wapangiwe kwa shida gani?"

"Mwenye hela ndiye anayepanga. Maskini anapanga nini?"

Watu wakagawanyika. Mmoja akasema mwamuzi kanunuliwa, mwingine akasema hata yule mdogo mtu ni mpango, wamemficha kaka makusudi. Yasmin akasema kwenye kipaza sauti, "Wazee wangu, mkipeleka malalamiko Marekani mpitie Mbagala niwape barua." Wakacheka hata waliokasirika.

Mimi nilikaa kwenye ndoo na ukweli wote mdomoni.

Jumatatu, 23 Juni
Shamba la Bibi limekwisha, isipokuwa kipande cha mwisho kando ya kijito kilichochelewa kukomaa. Mpunga umeingia ndani. Manyunyu yalishuka mchana, hayakutukuta na kitu.

Ningesema Jumamosi, mpunga huu ungekuwa chini.

Jumanne, 24 Juni
Mechi ya sita, kijani. Tatu kwa tatu. Ya saba ni Ijumaa. Mtu kaja kutoka Umwe na baiskeli kumsikiliza "yule binti".

Jumatano, 25 Juni
Kwa Juu wamevuna kwa jirani zetu. Wanakata bila kutaniana sasa. Mke wa Babu Sufiani kasema mpunga wao uliobaki unawangoja na wao wako huku kwa ajili ya Wamarekani.

Alhamisi, 26 Juni
Kile kipande cha kando ya kijito Bibi alikikata leo mwenyewe, masuke mabichi mabichi, akakaanga, tukatwanga pepeta. Kila mwaka konzi ya kwanza ya pepeta ni yangu. Ananiwekea kiganjani kabla haijapoa, nachezesha mkono, tunacheka. Hata mwaka niliokuwa na mitihani alinitumia kwenye kopo, kaandika juu ya karatasi kwa herufi zake kubwa: YA KWANZA.

Mimi ndiye niliyetwanga. Yasmin alitwanga kidogo akapata malengelenge.

Bibi akachota konzi, akageuka, akasema, "Lete mkono, Mtangazaji wangu. Sauti hiyo inataka chakula." Akamwekea.

Kisha akanipa mimi ya pili.

Nimeila. Ilikuwa tamu na nimeichukia.

Yasmin hajui. Hajui kwamba konzi ya kwanza ni kitu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Anachukua vitu vyangu bila hata kujua kwamba nilikuwa navyo. Jina, konzi, mpira wa kikapu. Yeye faulo hazijui. Ningeinuka kwenye ile ndoo asingejua hata robo imekwisha.

Kesho nitasema. Si sawa watu wa Kwa Juu kufanyiwa ujanja. Nitasema kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 27 Juni
Nimesema.

Banda lilijaa mpaka nje. Maalim Ismaily alikuwa mbele kabisa. Yasmin alikuwa anachomeka flashi. Nikasimama juu ya ndoo, kwa kuwa mimi ni mfupi.

"Yule mwenye misuko si mdogo wake," nikasema. "Ni yeye mwenyewe, zamani. Fainali ilikwisha mechi ya nne. Zambarau walishinda zote. Hizi tatu ni mechi za kabla."

Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu. Sauti yangu ilitoka vizuri, hilo lilinishangaza. Kila mtu alikuwa ananitazama mimi, na kwa muda mfupi kabla sijamwona Bibi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuwa nayo.

Babu Sufiani akamwuliza Yasmin, "Binti, kweli hayo?"

Yasmin akaweka kipaza sauti chini. "Kweli, babu."

"Bushiri kakutuma?"

"Hapana, hajui hata faili lipi ni lipi. Mimi mwenyewe. Niliona ya nne inamaliza fainali na mpunga wa Bibi hauna mtu. Nikasema nitaongeza asubuhi tatu tu. Leo ndio nilitaka kuwaonyesha ya nne yenyewe, muwe mabingwa. Bingwa nisingembadilisha."

"Bingwa usingembadilisha," Babu Sufiani akarudia. "Na migongo yetu?"



Mtu nyuma akasema, "Kumbe televisheni iliyopanga ni ya Mbagala." Wachache wakacheka, si vizuri.

Kisha Babu Sufiani akanigeukia. "Na wewe, mjukuu. Uliyajua lini?"

 Nilitaka kusema Ijumaa ile. Nikamwona Bibi, nikaukumbuka mpunga ndani ya dungu, nikawaona watu wote waliokuwa wananitazama kwa heshima.

"Huyo hajui kitu," Yasmin akasema. "Nilikuwa namficha. Kaona leo alipoangalia faili."

Nikaitikia kwa kichwa.

Yasmin akamwonyesha Bushiri faili, akaweka mechi ya nne ya kweli. Wakaniambia nitangaze mimi, mwenye macho. Nikakaa kwenye kiti. Nilisema kila pointi sawasawa, faulo zote, mitupo huru yote. Hakuna aliyecheka kwa kuwa hapakuwa na cha kuchekesha. Baada ya robo ya pili Bibi alijifunga kanga vizuri akatoka, na Yasmin akatoka nyuma yake amemshika mkono.

Nikamaliza mechi. Zambarau walishinda kwa pointi ishirini.

Jumamosi, 28 Juni
Bibi kaamua Kwa Juu wanatudai samahani, na wanatudai asubuhi nne, tatu za uongo na moja ya mechi ya nne. Yasmin kaanza leo, peke yake kwanza, kabla wengine wa Kwa Chini hawajaamka. Watu wananisalimia kwa jina. Mke wa Babu Sufiani kaniletea mayai, kasema, "Mtoto mkweli." Nimeyapokea.

Bibi hajanigombeza. Kasema, "Umesema kweli," akaendelea kupepeta. Ningependa angenigombeza.

Jumapili, 29 Juni
Siwezi kumwacha Yasmin aende zake Mbagala hivi.

Nimejiuliza kwa nini alinikinga. Aliona kalamu yangu iliposimama siku ile, sasa nina hakika. Alijua kwamba najua, siku saba, na hakuniomba ninyamaze wala hakunitisha. Na nilipomtoa mbele ya watu alikuwa na neno moja tu la kuniangusha nami, akalitumia kunifunika.

Naandika hili kwa aibu. Nilipoelewa hivyo, sikushukuru. Nilifikiri, hata hilo kanizidi.

Kama aliyekaa kwenye kiti angekuwa Bushiri, nisingesema. Ningekaa kwenye ndoo mpaka mechi ya saba, mpunga wa Bibi uko ndani, na wa Kwa Juu ni mabingwa. Nilinyamaza kwa ajili ya Bibi na nikasema kwa ajili ya konzi ya pepeta. Ukweli ulikuwapo siku zote, mimi ndiye niliyeuchagulia siku.

Jumatatu, 30 Juni
Nimetangulia Kwa Juu asubuhi, umande bado mzito. Babu Sufiani alikuwa ananoa miundu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umekuja kutangaza?"

"Nilijua Ijumaa ile ya kwanza," nikasema. "Robo ya pili. Si siku ile niliyosema."

Akaendelea kunoa. "Ukanyamaza mpaka mpunga wa bibi yako ukaingia ndani."

"Ndiyo."

"Tukavuna asubuhi tatu, wewe unatutazama."

"Ndiyo, babu."

"Basi hata kusema ulisema kwa nini? Ungemaliza kimya."

"Nilimwonea wivu Yasmin."

Sijawahi kulisema neno hilo kwa mdomo. Babu Sufiani akaacha kunoa, akanitazama kama anasoma bei kwenye gunia. Nilidhani atacheka, au atamwita mke wake aje asikie. Mayai yale nilikuwa nayo kwenye kikapu, yote sita. Nikayaweka mbele yake.

"Mimi miaka hamsini namwonea wivu bibi yako," akasema. "Bonde lake linapata maji kabla ya langu. Sijawahi kumwambia mtu." Akanipa mundu. "Mstari wako ule, wa pili kutoka kijitoni. Asubuhi nne. Na mke mwenzio yule anakata vibaya, mwonyeshe."

Yasmin alikuwa mstari wa kwanza, anakata juu mno, anaacha nusu ya bua. Viganja kavifunga vitambaa. Nikamwambia, "Nimemwambia babu." Akasema, "Nimesikia, umande unabeba sauti." Nikamshika mkono nikamwonyesha pa kukata, chini, karibu na udongo, kwa kuvuta si kwa kupiga. Akajaribu. Akapatia kidogo.

Saa mbili watu wa Kwa Juu wakafika. Walikuja na nyuso zao za Ijumaa. Mmoja akamwambia Yasmin, "Mtangazaji, leo ni mechi ya ngapi?"

Yasmin akanyoosha mgongo. "Ya nne, kaka. Na leo mwenye misuko ni mimi, kaka mtu kaumia kiuno."

Wakacheka. Hata mke wa Babu Sufiani alicheka, mundu hewani. Walikuwa wamemsamehe kabla jua halijapanda juu ya miti, hivyo tu, kwa sentensi moja, na mimi wivu ukanishika palepale nilipoinama, moto uleule, kana kwamba sikuwa nimekiri chochote.

Nikashika fungu jingine la masuke, nikakata.